Shikamoo kwa Mwenye Mashine

Kama uliwahi kula chakula cha Ijumaa kwenye fleti yetu ya Al Nahda, Dubai, miaka ile, ukaondoka na kiu ya kumaliza jagi zima la maji, basi ulipikiwa na Mpishi. Hatukumwita jina lingine. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye pasipoti, na pasipoti ilikuwa kwenye kabati la madam, mwajiri wake, kwa hiyo sisi tulitosheka na Mpishi.

Wiki nzima alikuwa akiipikia nyumba moja kubwa kule Al Warqa. Ikifika Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alivaa baibui lake zuri, akaja kwetu kupumzika kwa kupika sufuria kubwa kuliko zote alizozipika wiki hiyo. Fleti yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na tulikuwa tumeigawanya kwa mapazia mpaka balkoni nayo ilikuwa na wapangaji. Waliokuja kula walikaa kwenye ngazi. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, wakati huo nilikuwa napokea simu kwenye kampuni ya mizigo Deira, na napenda chakula. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba katika habari hizi nilikuwa upande wa afya.

Mkono wake wa chumvi ulikuwa na sifa kutoka Al Nahda hadi Discovery Gardens. Alichota kwa kiganja, akamwaga bila kutazama, huku akiongea. Kijiko, alisema, ni cha mtu asiyejiamini. Na kuongea kwake hakukuwa na kituo. Aliongea na vitunguu, akaongea na simu, akaongea na Mwenyezi Mungu, akaongea na mimi, zote kwa sauti moja, na ilikuwa kazi yako kujua zamu yako imefika. Nilimjua miaka mingi na sikumbuki kumwona amenyamaza, isipokuwa mara moja ambayo nitaifikia.

Kilichokuwa kikinishangaza ni kwamba alijua vizuri kupika bila chumvi. Mama mzazi wa madam alikuwa na presha, na Mpishi ndiye aliyekuwa akimpikia: supu nyeupe, samaki wa mvuke, mboga za majani zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa. Bibi yule alikuwa amekula chakula hicho miaka na miaka na alikuwa na nguvu ya kumgombeza kila mtu ndani ya nyumba. Sisi, maskini wake, ndio tuliopewa samli, mafuta na vile vipande vya kuungia mchuzi vya kwenye karatasi, vilivyojaa chumvi. Nilimuuliza siku moja kwa nini waliolipa mshahara wanalishwa uhai na sisi marafiki tunalishwa jeneza. Alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Mwanangu, nyie n'nawapenda," alisema.

Basi tulipendwa. Tulipendwa mpaka vifungo vya mashati vikaanza kuruka.

Jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki haikuwa imelala, msije mkafikiri. Tulikuwa na Mwenyekiti, bwana mwenye duka la vipuri vya magari na suti tatu, na Mwenyekiti alikuwa amegundua kwamba vijana wanahitaji kuwezeshwa. Akaandaa semina kwenye ukumbi wa hoteli. Bango lilisema "Kuwawezesha Vijana Kuboresha Afya ya Jamii" na lilikuwa refu mno, neno "Jamii" likakunjwa nyuma ya pazia. Vijana waliwezeshwa sana siku hiyo. Waliwezeshwa kupanga viti, kupuliza maputo na kupiga makofi. Walikuwa walinzi, wahudumu wa mikahawa, wasichana wa kazi za ndani waliopata ruhusa kwa mbinde, na hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kusema neno, kwa sababu wazee walikuwa na mengi ya kusema kuhusu kuwapa vijana nafasi. Mtoa mada alizungumzia hatari ya chumvi akiwa ameshika sambusa ya Mpishi, na ilikuwa ya tatu.

Mpishi alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na masinia. Akauliza kwa sauti, bila kunyoosha mkono, vijana hawa mmewapa nini. Mwenyekiti akajibu kwamba kila mmoja amepewa fulana.

"Fulana inapima presha?" aliuliza Mpishi.

Watu walicheka, Mwenyekiti naye akacheka kuonyesha kwamba ana moyo mpana, na tukaenda kupiga picha.

Ijumaa chache baadaye, dereva mmoja wa Malindi, mtu mzima, mcheshi, aliyekuwa akipenda kukaa mlangoni mwa jikoni ili apate ukoko, alianguka na sahani mkononi. Alikuwa amevaa ile fulana ya semina. Tulidhani amepaliwa. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na maneno yalikuwa hayatoki.

Hospitali ilituambia ni kiharusi. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyetuambia mengine: kwamba dereva alijua ana presha, aliambiwa zamani, na akaacha kwenda kupima. Aliogopa kwamba kafeel, mdhamini wake wa kazi, akisikia, visa itafutwa. Hapa ndipo nitakapowaeleza ugonjwa wetu mkubwa, ambao haumo kwenye vitabu vya madaktari. Kila mmoja wetu aliingia nchi ile kwa kupita kwenye medikali: unatolewa damu, unapigwa picha ya kifua, na wakikukuta na maradhi waliyoyapiga marufuku unarudi kwenu. Kutokana na hilo moja tukajitungia dini kamili. Tuliamini kila mashine inayogusa mwili wa mgeni ina waya unaofika uhamiaji. Mtu alikuwa radhi ameze panadol mpaka aone nyota kuliko kumruhusu mtu amfunge mkanda wa presha mkononi.

Dereva akarudishwa kwao, kwa sababu dereva asiyeweza kushika usukani hana kazi. Alificha presha ili asirudishwe, na presha ikamrudisha. Siku ya safari Mpishi alimpikia wali na samaki wa kula njiani, na akaupika kama anavyopikiwa yule bibi wa Al Warqa, hauna hata punje ya chumvi. Alilia wazi pale uwanja wa ndege huku akimwekea sahani kwenye mfuko wa kiti cha magurudumu. Nililia pia.

Mashine ya presha aliinunua yeye mwenyewe kwenye duka la dawa, ile ndogo ya betri. Nilidhani atajipa cheo cha udaktari, maana kwa kuongea alikuwa nacho. Badala yake akawaita vijana, akaiweka mezani, akawaambia hii ni yenu, mie sitaigusa. Aliyeichukua wa kwanza alikuwa Prossy.

Prossy alikuwa msichana wa Kiganda, mlinzi kwenye mnara mmoja wa maofisi, mwembamba, mpole, anayesimama wima hata akiwa amekaa. Asubuhi ya Ijumaa alikwenda kanisani, maana Dubai hata Jumapili iliangukia Ijumaa, kisha akaja kula. Alijifunza mashine kwa nesi mmoja wa kanisani kwao, akawafundisha wenzake, na Ijumaa iliyofuata wakatandaza mkeka mdogo karibu na jokofu, wakasubiri wateja.

Hakuja mtu. Wazee wa kwetu walipita kando ya mkeka ule kama wanapita kando ya kaburi. Prossy alipomsogelea mzee mmoja na kumuomba kwa heshima ampime, mzee alimuuliza umri wake, kisha akamuuliza umri wa mama yake, kisha akamwambia kwamba yeye ni mkubwa kuliko mama yake. Mazungumzo yakaishia hapo. Kwetu kijana akimwambia mkubwa apunguze chumvi, hakuna anayezungumzia chumvi tena, kinachozungumzwa ni malezi.

Mpishi aliliona hilo, akapiga mwiko juu ya sufuria mpaka fleti nzima ikageuka. Akatangaza kwamba kuanzia leo, jikoni mwake, mwenye mashine ndiye mkubwa. Anayetaka sahani apite kwanza kwenye mkeka, wanawake kwa wasichana na wanaume kwa wavulana, na akifika aamkie. Shikamoo. Haijalishi ana mvi ngapi.

Jamani, kelele zilizopigwa! Walisema ni bid'a, walisema ni uchuro, walisema ni mambo ya Ulaya, ingawa sijawahi kusikia Mzungu akimwamkia mtu shikamoo. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni wakati wa mjadala. Mjadala haukuchukua muda.

Shida iliyobaki ilikuwa ya Prossy. Kwao Uganda hakuna shikamoo. Mama wa kwanza mwenye miaka yake alipokuja, akainama kwa uchungu mkubwa na kutamka "Shikamoo," Prossy alimjibu "Asante." Wa pili akamjibu "Niko sawa, Mama." Kwa wa tatu Prossy akapiga magoti yeye mwenyewe, kwa sababu kwao msichana humpigia mkubwa magoti, na mama naye akazidi kuinama, na vichwa vikagongana. Mpishi alimchukua jikoni akamfundisha kusema marahaba huku wakimenya vitunguu. Prossy alitoka analia, ila sijui ni kwa sababu ipi.

Nilikwenda kupimwa nikiwa na nia ya kuja kusimulia vichekesho. Nikakaa, nikamwamkia Prossy, na kabla sijatoa utani wangu akanifunga mkanda na kuniambia ninyamaze, kwa sababu anayepimwa haongei. Ile namba ilipotoka aliifunika kwa kiganja ili jirani yangu asione, akanionyesha peke yangu. Mpishi ndiye aliyewafundisha hivyo: namba ni ya mwenyewe. Yangu sitawaambia. Nitasema tu kwamba wiki ile ile Prossy alinipeleka kliniki kabla ya zamu yake, kwa sababu hiyo pia ilikuwa kanuni yao, aliyekupima ndiye anayekupeleka, na njia nzima nilimwuliza kuhusu visa yangu kama mtoto anayeuliza kama sindano inauma. Nilitoka na vidonge. Uhamiaji hawajanipigia simu mpaka leo.

Mwenyekiti alisusa wiki kadhaa. Alisema yeye hawezi kumwamkia mhudumu wa mkahawa, akimaanisha kijana mmoja wa Kilifi aliyekuwa akiwapima wanaume. Lakini Mwenyekiti alikuwa na udhaifu wake, na udhaifu huo ulikuwa biriani ya mbuzi. Siku ya biriani alikuja na suti, akasimama mbele ya mkeka muda mrefu akiutazama kama mtu anayetaka kununua, kisha akasema "Shikamoo" kwa sauti ya mtu anayekohoa. Kijana wa Kilifi akamjibu "Marahabaa, mwanangu, hujambo?" kwa utamu wa babu aliyekaa barazani. Mpishi alimwadhibu kijana kwa kumnyima nyama. Mwenyekiti alipimwa, akapelekwa kliniki, na katika hotuba iliyofuata akaeleza jinsi yeye alivyowawezesha vijana.

Nisimpake Mpishi rangi nyeupe. Mtungi wa chumvi ulikuwa umewekwa mikononi mwa vijana kwa amri yake mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwizi wake mkubwa. Prossy alimkuta mara moja ana pakiti ya chumvi ndani ya mkoba, imefungwa kwenye leso. Mpishi alidai ni ya kutoa uchovu wa miguu. Mara nyingine vilianguka vipande vya mchuzi kutoka kwenye mkono wa baibui lake, kimoja baada ya kingine, na akavitazama kwa mshangao zaidi kuliko sisi. Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa chai. Akishikwa alisema kanuni ni za wanaokula, yeye anapika.

Na hakupimwa. Hilo tulichelewa kuliona, kwa sababu aliongea. Ukimwita kwenye mkeka alikuwa na wali motoni. Wali ukiiva alikuwa na wageni. Wageni wakiondoka alikuwa na basi la kuwahi. Huku nyuma, kila mwoga aliyesita mlangoni, Mpishi ndiye aliyemsukuma kwa kauli yake ile ile, aliyoisema mpaka vijana wakaiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya jokofu: presha haifuti visa. Aliisema kwa walinzi, akaisema kwa mayaya, akaisema kwa wavulana wa Discovery Gardens waliofika na teksi ya kuchangia. Aliisema vizuri mno, nami nilimwamini kabisa.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo hakuja. Alipiga simu akasema ana mafua. Ijumaa iliyofuata akasema mafua yale yale, na mazungumzo yalikuwa mafupi. Nilimwambia Prossy kwamba Mpishi amekata simu kabla yangu, na Prossy akaenda kuchukua mkoba wake.

Tulimkuta Al Warqa, kwenye jiko la nje nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa jikoni. Supu nyeupe ya bibi ilikuwa motoni, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa juu ya paja, aliukanda kwa mkono wa kulia bila kujua anaukanda. Alitukaribisha, akaanza kulalamika kuhusu bei ya nyanya, akaisahau sentensi katikati.

Prossy akatoa mashine mkobani.

"Weka hiyo," alisema Mpishi. "Hapa si Al Nahda."

Nikamwambia, kwa ujanja wangu, kwamba presha haifuti visa. Alinigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kusema tu mwanangu. Mie n'lisema kwa ajili yenu. Mwezi ujao wananifanyia upya visa. Umri wangu huu, madam akisikia mpishi wake ana maradhi, atatafuta msichana. Nirudi Unguja kwa nani? Aliyebaki kule anayenijua ni kaburi la mume wangu."

 Mimi, mwenye maneno yangu yote, nilitazama supu. Mwanamke aliyewatoa watu wote wale kwenye woga alikuwa ameukumbatia woga huo huo miaka yote, chini ya baibui, pamoja na chumvi.

Prossy hakubishana naye. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake wima kama yuko zamu. Akaiweka mashine mapajani. Akasubiri.

Mpishi alimwambia kwamba anapoteza muda. Akamwambia supu itaungua. Akamwambia hata yeye ana kazi yake ya ulinzi ya kuiangalia, asije akafukuzwa. Prossy alikuwa amekaa tu na mashine yake, na hapo nikaelewa anachokisubiri, na Mpishi akaelewa pia, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Alimtazama yule msichana muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu Prossy, na aliitamka kama mtu aliyezaliwa Ng'ambo ya Unguja. "Lete mkono. Sasa nyamaza."

Akanyamaza. Mashine ikapumua, mkanda ukajaa, na nilisikia supu ikitokota. Namba ilipotoka Prossy aliifunika kwa kiganja nisiione, akamwonyesha mwenyewe. Mpishi aliisoma, akafunga macho.

"Na visa?" aliuliza.

Nilitaka kusema lile lililobandikwa juu ya jokofu. Prossy aliniwahi.

"Sijui, Mama. Mimi si uhamiaji. Lakini huo mkono nimeuona, na leo tunaenda daktari. Nitamwambia madam mimi mwenyewe, na nitakaa na wewe huko mpaka tumalize."

Mpishi aliitikia kwa kichwa. Sijawahi kumwona mtu akimwamini mwenzake kwa sababu ya neno "sijui." Alisimama, akajifunga mtandio, na kutoka mlangoni akanigeukia mimi na kuniambia niangalie supu, na nikithubutu kuitia chochote atajua. Walivuka ua kuelekea nyumba kubwa, Prossy mbele, Mpishi nyuma yake. Nilimwona Prossy anabisha hodi. 

Nilibaki peke yangu na supu ile. Nikaionja. Ilikuwa haina ladha ya kitu chochote duniani, na kopo la chumvi lilikuwa pale karibu na mkono wangu, nikaliacha.

Alinipigia simu jioni, magharibi ikiadhiniwa. Alikuwa amelazwa kwa uangalizi, amepewa dawa, mkono umeanza kumsikiliza, na daktari alisema wamewahi. Madam mwenyewe ndiye aliyewaendesha hospitali. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu visa. 

"Madam kasema khalas, siendi popote. Kasema kuanzia leo nitakula meza moja na mama yake, kile kile anachokula yeye."

Nikamwambia alhamdulillahi, na nilikuwa nalia.

"Alhamdulillahi gani," alisema. "Wewe umekionja kile chakula? Afadhali wangefuta visa."

Alianza kucheka, akaanza na hadithi ya chakula cha hospitali, kisha nikasikia kwa mbali sauti ya Prossy ikimwambia apumzike, na Mpishi, bila kubisha, akakata simu.